Mimba Niliyoikana

Wewe uliyeingia mwezi wa nne wiki hii, ninakuandikia wewe kwanza. Wengine wasome wakitaka. Najua ulivyo. Kichefuchefu kimekuacha ghafla, na sasa unaogopa kwa sababu hakipo. Miezi mitatu ulikuwa ukikilaani, leo unakitafuta. Unaamka, unanusa vitunguu vya jirani vinavyokaangwa, tumbo limetulia, basi unaanza kujiuliza kama mtoto bado yumo. Yumo. Hivyo ndivyo mwezi wa nne unavyoanza kwa wengi wetu. Njaa itarudi, nguvu zitarudi, pua itaziba na huna mafua, fizi zitatoa damu ukipiga mswaki, na siku moja utapiga chafya ukiwa barabarani, mchomo utakushika pembeni mwa kinena na utasimama hapohapo. Hayo yote nimeyapitia mara tatu. Mtoto ninaye mmoja.

Jina langu Kaltuma. Nimezaliwa kambini, kambi ya polisi. Baba yangu alikuwa polisi kutoka Arua, Mwislamu, mama yangu Mkatoliki kutoka Gulu, kwa hiyo kwetu tulikula Idi na tukala Krismasi, na Kiswahili ndicho kilichotupatanisha. Kiswahili chetu cha kambini, kile cha kuamrisha. Watu wa soko la Owino hapa Kampala, ninakouza mashuka na mapazia ya mitumba, watakuambia mdomo wangu hauna breki. Mteja akinitania vibaya namrudishia palepale, hata kama ameshika pesa mkononi. Ndiyo maana hiki ninachokusimulia kinanichoma zaidi. Jambo moja tu nimewahi kulifungia mdomo, na ndilo lililotakiwa kusemwa.

Nilipokuwa na miaka ishirini nilikuwa mpishi kwenye mkahawa mmoja Kabalagala. Nikapata mimba ya mwanamume ambaye jina lake halina kazi hapa, maana yeye mwenyewe hakuwa na kazi nami aliposikia habari. Mwezi wa tano mimba ikatoka. Haikuniuma kama watu wanavyodhani. Nilisikia uzito tu chini ya tumbo, siku mbili, tatu, nikiendelea kumenya matoke. Siku ya nne nikajikokota mpaka kliniki ndogo iliyokuwa mtaa wa pili, na kabla ya saa sita mchana yote yalikuwa yamekwisha. Mama yangu akaja kunichukua. Tulipofika nyumbani akaniandalia chai, akakaa mbele yangu mpaka nikaimaliza.

"Hili limekwisha, Kaltuma," akasema. "Usilitaje popote. Utaolewa."

Miaka sita baadaye nikaolewa kweli. Idrisa anauza vipuri vya magari Kisenyi, kwenye zile gereji karibu na stendi. Ukoo wao ni wa Waislamu wa zamani wa mjini. Babu yao alikuja na wafanyabiashara kutoka pwani na hakurudi tena, na mpaka leo wanaongea Kiswahili kilichonyooka ambacho kinanifanya nijione nina mawe mdomoni. Niliingia kwao kama mwanamwali. Mama yake Idrisa, Hajati Hafswa, alisimama siku ya harusi mbele ya wanawake wote akasema Mungu amempa binti ambaye hajaguswa. Mimi nilikuwa nimepakwa hina mpaka viwikoni, nikainamisha macho. Wakadhani ni haya.

Sasa lazima nikueleze kazi ya Hajati, usipoijua hutaelewa nilichofanya. Alikuwa anakanda mumbwa. Huo ni udongo wa mfinyanzi unaochanganywa na majani na mizizi, unaviringishwa vipande vya ukubwa wa kidole gumba, unaanikwa juani. Mjamzito anasugua kipande kwenye jiwe lenye maji, anakoroga, anakunywa. Ni mambo ya Waganda. Hajati alirithi kwa bibi yake mzaa mama, ambaye alikuwa Muganda. Na alikuwa na sheria yake. Kabla ya mwezi wa nne, hakuna mumbwa wala hakuna kuitaja mimba, hata kama jirani anaona unatapika mlangoni. Ukiingia wa nne unakwenda kwake, anakuketisha mkekani, anasema bismillahi, anakusugulia kipande cha kwanza kwa mkono wake. Kuanzia hapo mimba ni ya mtaa mzima. Wanawake walitoka mbali kuja kwenye mkeka ule. Wasomali wenye maduka ya jumla walikuja, wake za makanika walikuja. Wengine hawakuutaka hata huo udongo, walitaka tu mikono ya Hajati iwashike tumbo.

Mimba yangu na Idrisa ilipoingia mwezi wa nne, Hajati alinisugulia kipande changu kwa furaha. Mumbwa una ladha ya ardhi iliyonyeshewa. Nikanywa, nikalamba kikombe, akanicheka. Kesho yake akanisindikiza kliniki, kwa sababu yeye, tofauti na wengi, aliamini vyote viwili. Alikuwa akisema udongo ni wa kumtuliza mama na daktari ni wa kumpima mtoto.

Kliniki ile ina benchi refu na meza moja, na kwenye meza anakaa muuguzi mwenye daftari. Hakuna pazia wala faragha. Unajibu maswali yako na benchi zima linasikiliza, wengine wanakusaidia kujibu. Zamu yangu ikafika. Hajati akakaa kushoto kwangu na mkoba wangu mapajani.

"Nyabo, jina lako?" Nikataja. "Miaka?" Nikataja. "Hii mimba ya ngapi?"

"Ya kwanza."

"Kuna iliyowahi kuharibika?"

"Hapana."

Akaandika. Hajati akanipigapiga goti, kama mtu anayemsifu mtoto aliyejibu vizuri darasani. Muuguzi akageuza ukurasa.

Ningeweza kurudi. Hilo ndilo linalonila mpaka leo. Ningemwambia Hajati aende kuninunulia maji, nikainama kwa muuguzi nikasema maneno matano. Wiki mbili baadaye nilikwenda tena, peke yangu kabisa, na daftari lilikuwa palepale, na muuguzi ni yuleyule. Akaniuliza kama nina tatizo lolote. Nikamwambia fizi zinatoka damu. Nilijidanganya kwamba mwili umeshapona, kwamba ile ya Kabalagala ilitokana na kazi nzito na moyo mbovu, kwamba sasa nina mume na nyumba na sala. Wala hakuna mtu aliyewahi kuniambia ile mimba ilitoka kwa nini. Sikuwahi kuuliza.

Wiki zile zilikuwa tamu, siwezi kukuficha. Ulikuwa msimu wa senene, nami niliyekuwa natapika hata maji nikala senene wa kukaanga kwa vitunguu mpaka Idrisa akasema mtoto atazaliwa na mabawa. Mstari mweusi ukajichora kutoka kitovuni kwenda chini. Gauni zikanibana kifua kabla ya tumbo. Sokoni wenzangu walininyang'anya kila belo nililotaka kuinua. Na siku moja, nikiwa nimelala chali mchana baada ya sala, nikasikia kitu kikigonga kwa ndani, kidogo sana, mara mbili. Nikamwita Hajati. Akaweka kiganja, akangoja, hakusikia kitu, akasema amesikia.

Kisha ukaja ule uzito.

Niliujua. Naomba unielewe vizuri hapa, maana hapa ndipo ninapokuomba usiwe kama mimi. Niliujua uzito ule tangu saa ya kwanza, kama unavyomjua mtu kwa mwendo wake. Ute ukaongezeka, ukawa wa majimaji. Hakukuwa na maumivu wala damu. Mwanamke mwingine angesema ni uchovu tu, lakini mimi nilikuwa nimeshapita njia ile. Na nikakaa siku mbili nzima. Kwa sababu nikisema naogopa, Hajati ataniuliza unaogopa nini na huumwi, na mimi nitamjibu nini? Nikalala kwa ubavu wa kushoto, nikaomba. Siku ya tatu asubuhi maji yalivunjika nikiwa najaribu kusimama. Alikuwa mvulana. Mwezi wa tano ulikuwa haujatimia.

Hospitalini daktari wa zamu, kijana aliyechoka, alisimama miguuni pa kitanda akauliza kama kuna dawa za kienyeji nilizotumia. Kabla sijafungua mdomo Hajati akajibu.

"Mimi ndiye niliyempa. Mumbwa. Kila asubuhi."

Daktari akamtazama, akatikisa kichwa. "Haya ndiyo tunayowaambia kila siku, mama," akasema, akaandika kitu, akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Hajati aligeuka kunitazama. Macho yake yalikuwa yananiuliza. Nikafumba yangu.

Idrisa na mjomba wake walimkafini mtoto kwa kitambaa cheupe, wakampa jina la babu yake, wakamzika makaburini na watu wa msikitini. Mimi nilibaki na maziwa. Hilo hakuna aliyeniambia, kwamba hata kwa mimba ya umri ule maziwa huja, na yatakuja mtoto akiwa tayari ardhini. Nilifunga kifua kwa kanga siku tano. Likikufikia, usiogope, wala usiyakamue sana, na tafuta mtu wa kulia naye.

Nilikuwa naye wa kulia naye, nikamwacha alie peke yake. Wiki ile ile Hajati alichukua udongo wote, uliokandwa na usiokandwa, akaumwaga kwenye mtaro wa mbele ya nyumba. Jiwe la kusugulia akalitia chini ya kitanda. Wanawake wakija anawajibu akiwa nyuma ya pazia, hatoki: "Nendeni hospitali. Mikono yangu haifai." Na unajua mitaa yetu. Haikupita muda wakawa wanasema mumbwa wa Hajati umemla mjukuu wake mwenyewe. Jirani mmoja aliyekuwa amezaa watoto wanne kwenye mkeka ule akaanza kuvuka barabara akimwona. Hajati akaacha kwenda kwenye visomo vya wanawake. Alisali nyumbani, sala ndefu, na ukipita mlangoni unasikia anaomba msamaha kwa kosa ambalo hakulitenda.

Mimi nilipita mlangoni kila siku. Asubuhi nakwenda Owino, jioni narudi. Mwaka na zaidi. Mdomo usio na breki ukawa na breki nzuri kabisa.

Mvua za masika zilipoanza nikajua nina mimba tena. Safari hii nilikwenda kwingine, peke yangu, kwa daktari mwanamke niliyeelekezwa na mteja wangu wa mapazia. Kulikuwa na mlango, na mlango ulifungwa. Akaniuliza swali lile lile la mimba ya ngapi.

"Ya tatu," nikasema. Nilikuwa sijawahi kulitamka. Nililia mpaka akainuka kuniletea karatasi za kujifutia.

Sitakusomesha udaktari, sina. Aliniambia tu kwamba mlango wangu wa kizazi hulegea mtoto anapoanza kuwa mzito, hufunguka kimyakimya, ndiyo maana sikuumwa. Akasema nikifika mwanzo wa mwezi wa nne atanishona, atatia uzi na kuukaza, na uzi utakaa mpaka mtoto awe tayari. Nikamuuliza nililokuwa nimelibeba. Ile ya pili, kama ningesema ukweli?

Akaweka kalamu chini. "Labda tungekuwa tunakupima, tukaona mlango unafupika mapema. Labda tusingeona. Siwezi kukuapia."

"Na mumbwa?"

"Mimi sipendi wajawazito wanywe udongo, na wewe usinywe. Lakini huo mlango haukufunguliwa na udongo."

Ile "labda" ndiyo ninayolala nayo. Ingekuwa hapana, ningepumzika. Ingekuwa ndiyo, labda ningepata adhabu yangu nikaimaliza.

Idrisa nilimwambia nusu. Nilimwambia kuna kushonwa, kwa sababu ya ile iliyotoka, basi. Tarehe ilipofika alikuwa amekwenda Nairobi kuchukua mzigo wa vipuri, na gari lilikuwa limemharibikia njiani. Kliniki haimpokei mtu wa kushonwa bila msindikizaji. Mama yangu alikuwa Gulu kwenye msiba. Nikakaa sebuleni nikiwaza jirani gani nimwombe, na Hajati akatoka chumbani amevaa buibui lake, viatu miguuni.

Kwenye chumba cha kusubiri kuna viti vya plastiki vilivyofungwa pamoja kwa waya. Televisheni ilikuwa inaonyesha mhubiri, sauti imezimwa. Mbele yetu mama mmoja mwenye tumbo kubwa alikuwa anakula embe bichi kwa chumvi na kumpa mumewe maganda ayashike. Nikakaa. Hajati akaacha kiti kimoja katikati yetu, akakaa kinachofuata.

"Sogea huku, mama," nikamwambia.

"Nimekuja kukaa tu, mwanangu," akasema. "Nimekuja ili wakuone una mtu. Sikugusi."

Alikuwa ameificha mikono yake ndani ya buibui. Ile mikono. Nikatazama kile kiti kitupu na nikaona nikiendelea kunyamaza hapa, basi hata huyu mtoto akizaliwa nitakuwa nimemwibia mtu.

"Mama, mumbwa wako haukumuua mtoto."

"Tuache hayo."

"Daktari wa hapa amesema. Ni mlango wa kizazi. Ulikuwa hivyo kabla yako." Nikashusha pumzi. "Nilikuwa na mimba nyingine. Kabla ya Idrisa. Ilitoka vilevile, mwezi ule ule. Nikamwambia muuguzi ni ya kwanza kwa sababu ulikuwa umekaa kando yangu. Na uzito ulipoanza niliujua, nikakaa siku mbili."

Mama wa embe akaendelea kutafuna. Nikasubiri Hajati anipige, wallahi nilitamani anipige, mbele ya wale watu wote.

"Siku ile hospitalini," akasema mwishowe, "nilikutazama."

"Nilikuona."

"Nilikutazama nikasema, huyu akiniambia si wewe mama, nitapona."

Nikainamisha macho, kama siku ile ya harusi.

"Idrisa anajua?"

"Hajui."

"Utamwambia mwenyewe. Mimi nimekubebea vya kutosha."

Muuguzi akaita jina langu. Nikavua viatu mlangoni kama walivyotaka. Wananiita jasiri wanaonisikia nikisimulia sehemu hii, lakini hakuna ujasiri wowote: wanakuchoma sindano ya mgongo, miguu inakuwa ya mtu mwingine, unalala unatazama taa na kusikia madaktari wakilalamikia foleni ya magari ya asubuhi. Ni muda mfupi. Unasikia kuvutwavutwa, maumivu hakuna. Usiogope kushonwa. Nilipotolewa nje kwa kitanda cha magurudumu Hajati alikuwa palepale, na viatu vyangu alikuwa ameviokota mlangoni, ameviweka pamoja chini ya kiti chake. Nilidhani angekuwa ameondoka. Akatembea kando ya kitanda mpaka wodini. Aliponifunika shuka alinigusa bega. Tangu siku ile hajaniita tena mwanangu. Ananiita Kaltuma, kwa adabu, kama unavyomwita mke wa jirani.

Idrisa nilimwambia aliporudi, nikiwa kitandani, maana sikuruhusiwa kusimama. Alisikiliza akiwa amesimama na begi begani. Akauliza swali moja tu, kama yule mwanamume yuko Kampala. Nikamwambia sijui. Wiki mbili alilala sebuleni. Siku aliyorudi chumbani alikaa ukingoni mwa kitanda, akavua soksi taratibu.

"Ungeniambia, ningekuoa tu," akasema.

Ningependa angenitukana. Matusi nimeyazoea, nimelelewa nayo. Neno lile lilinionyesha kwamba miaka yote nilikuwa nalinda mlango ambao hakuna aliyekuwa anausukuma, na mtoto mmoja na mwanamke mmoja wamelipa kwa ajili hiyo.

Miezi ya kulala kitandani na uzi ule ilipita. Utachoka, nakuambia mapema. Utajua kila ufa wa dari. Utaogopa kukohoa, utaogopa choo, kila unyevu utakukimbiza kutazama nguo. Ulipopita mwezi wa tano nilikaa siku nzima nimeshika tumbo bila kula. Senene wakaja tena, jirani akaniletea kwenye kibakuli, sikuweza kuwala. Hajati alinipikia uji kila asubuhi, akauweka kwenye kistuli, akauliza nimelalaje, akatoka. Kwenye dirisha nilikuwa namwona uani. Siku moja nikaona amekaa mkekani na beseni la udongo, anakanda. Wanawake walirudi, mmoja mmoja. Yule jirani wa watoto wanne alirudi na kilo ya sukari. Sijui Hajati aliwaambia nini. Najua hakuwaambia langu, maana Kisenyi ingeniletea maneno kabla ya jioni.

Uzi ukakatwa mwezi wa tisa ukiwa umeanza tu, na siku nne baadaye nikajifungua msichana. Analia kwa sauti ya kambini. Idrisa anasema huyu hatafichwa kitu na hatamficha mtu.

Kwa hiyo wewe wa mwezi wa nne, nisikilize. Nenda kliniki na mtu anayekupenda, lakini ukiitwa mezani mwombe abaki nje, hata kama ni mama mkwe, hata kama ni mume, hata kama atanuna. Pasipo na pazia, mwombe muuguzi msogee pembeni. Taja zote. Taja ile ya ujana, ile ya aibu, ile ambayo mama yako alikuambia imekwisha. Na uzito ukija bila maumivu, usingoje kuumwa. Ondoka saa ile ile.

Bado sehemu moja, nayo sina mafunzo ya kukupa.

Arobaini ilipokwisha, Hajati alikuwa anamwogesha mtoto kwenye beseni, mimi nimeshika taulo. Akaniuliza bila kuinua macho.

"Yule wa kwanza mlimzika wapi?"

Mtoto alikuwa anapigapiga maji. Nikasema sijui. Nikasema muuguzi wa ile kliniki alimfunika kwenye beseni, akatoka naye kwa mlango wa nyuma, na sikuuliza.

"Mama yako hakuuliza?"

"Hakuna aliyeuliza."

Akamtoa mtoto majini, akanipa nimkaushe. Kisha akaenda kuvaa buibui. "Nionyeshe," akasema.

Tukapanda boda mbili, mimi na mtoto kifuani mbele, yeye nyuma. Kabalagala asubuhi si ile ya jioni. Baa zimefungwa, watu wanafagia vizibo vya chupa na kumwaga maji ya sabuni vibarazani. Mkahawa wangu haupo. Kliniki pia haipo. Lile jengo limepakwa rangi ya njano na sasa ni duka la simu. Nilitafuta mlango wa nyuma, kumejengwa ukuta. Nikamwambia Hajati ni hapa.

Akasimama mbele ya kioo chenye simu na makava ya rangi rangi, akafungua viganja vyake, akaanza kuomba. Hakuharakisha. Watu walikuwa wanapita, wanamkwepa. Mimi nilisimama na mtoto nikaona aibu, halafu nikaona aibu ya ile aibu, halafu nikafungua kiganja kimoja, kile kisichomshika mtoto. Mwenye duka, mtu mzima mwenye kipara, akatoka na kitambaa cha kufutia vumbi, akangoja kwa heshima mpaka Hajati akajipangusa uso.

"Hajati, karibu," akasema. "Unataka simu au chaja?"

"Hapana, baba," akasema Hajati. "Tumekuja kumwona mtoto wetu."